Taa za Kuwindia Popo

Balbu nilizinunua Barabara ya Kirinyaga,
nikazitia mwenyewe usiku, simu mdomoni ikinimulikia,
na zilipowaka nikacheka peke yangu maegeshoni, Umoja:
Starlet yangu kuukuu imeota macho ya ujana.

Wiki nzima, Outering,
kila aliyenijia kwa mbele alinipigia taa.
Nami nikampigia.
Nikasema, Nairobi hii, mtu akikuona umeng'aa kidogo tu
anataka uzime.
Niliwatukana vioo vikiwa vimefungwa,
nikaingia zamu ya usiku nimejaa ushindi,
nikawadunga wagonjwa sindano kwa mkono uliotulia kabisa.

Ijumaa taa ya kushoto ikaanza kukonyeza.
Nikigonga tuta, inazima. Nikigonga jingine, inawaka.
Ndivyo nilivyofika kwa Kerubo, Baba Dogo,
ovaroli imepauka magotini, penseli sikioni.
Akafungua boneti, akanusa kwanza, kama mpishi.
"Hapa pameungua."
Akachomoa soketi: plastiki imeyeyuka,
kahawia kama ukoko wa wali.
"Umemwalika mgeni mlafi
kwenye nyumba ya chungu kimoja."

Akakata. Akamenya waya,
akasokota shaba kwa shaba, akatia risasi,
moshi mwembamba ukampitia puani asijali.
Akafunga rilei kando ya betri,
waya mnene, fyuzi yake, tepu nyeusi raundi saba.
Kisha akautafuta ule waya mfupi
unaorudisha umeme kwenye bodi,
akaukuta umeshikwa na skrubu iliyoliwa na kutu.
Akasugua kwa msasa hadi bati likang'aa kama sarafu.
"Watu huuliza umeme unaingilia wapi," alisema.
"Kurudi kwake hakuna anayekuuliza."

Tuliungoja usiku kama wanaongoja mwezi uandame.
Akanisimamisha mbele ya ukuta wa kiwanda cha sabuni,
akahesabu hatua kumi,
akanirudisha kitini nilipotaka kushuka:
"Kaa. Uzito wako nao umo kwenye hesabu."
Akapima kimo cha taa kwa kipande cha kamba,
akakihamishia ukutani, akachora mstari wa chaki.
"Washa."

Mwanga wangu haukuwa hata jirani na mstari.
Ulikuwa juu,
kwenye seng'enge, kwenye matawi ya mjakaranda.
Kunguru aliyekuwa amelala akahama.
"Na hii ya kulia umeiweka kichwa chini miguu juu.
Dada, hizi ni taa za kuwindia popo."

Vijana wa gereji walicheka. Mimi sikuweza.
Nilimkumbuka yule wa mkokoteni, Jumanne,
karibu na daraja la Donholm, na mitungi yake ya maji,
alivyouachia mpini mmoja
ili ainue mkono afunike macho.
Mkokoteni ulipinda. Mtungi ukaanguka.
Nilimpigia honi.

Bisibisi ikazunguka, robo, na robo tena.
Mwanga ukashuka ukutani
kama mtu anayeshuka ngazi amebeba mtoto aliyelala,
ukaipita chaki,
ukatua vidole vitatu chini yake,
upande wa kushoto ukiinuka kidogo
kwa ajili ya watembeao kandokando.
"Elfu moja mia nane," alisema Kerubo, akijifuta mikono.
"Ningekwambia uzirudishe dukani,
lakini naona umeshazipenda."

Outering usiku ule hakuna aliyenipigia taa.
Kimya hicho kilinitia shaka,
nikainama kutazama kama nimewasha kweli.
Donholm nikapunguza mwendo.
Palikuwa na mkokoteni. Sijui kama ni yeye.
Mwanga uliangukia tairi,
ukaangukia ndala, visigino, vumbi la visigino.
Kuanzia kiunoni kwenda juu
alibaki na giza lake, na uso wake.

Hakuinua mkono.
Alipita akisukuma.